Hesabu Kumi Moyoni

Ndugu zangu wachezaji, makocha, wazazi, na nyinyi mliokuja na wagonjwa wenu, hamjambo.

Mnaniona nimeshika karatasi. Nitasoma, na pengine nitakwama katikati ya sentensi nikitafuta neno. Hilo likitokea naomba mtu asinitajie. Nipeni muda, litakuja. Dada yangu amekaa pale mstari wa mbele. Akishika sikio lake la kushoto, maana yake ubongo wangu umeanza kuchoka kabla mimi mwenyewe sijajua, nami nitakaa hata kama sijamaliza. Ndivyo tulivyokubaliana. Kila nilipokaidi ishara hiyo nililala kitandani siku mbili, pazia limefungwa, kichwa kikigonga.

Nilikuwa golikipa. Siku niliyoumia siikumbuki. Asubuhi yake siikumbuki, mchezo siukumbuki, na wiki tano zilizofuata hazimo kabisa kichwani mwangu. Mengi nitakayowasimulia nimeyasoma kwenye daftari la dada. Muuguzi mmoja wa wodi ya wagonjwa mahututi ndiye aliyempa wazo: andika kila siku, hata mstari mmoja, akizinduka atataka kujua alikuwa wapi muda wote huo. Dada akaandika. Leo daftari hilo ndilo kumbukumbu yangu ya kipindi kile, sina nyingine.

Ilikuwa kipindi cha pili. Nilitoka langoni kuuwahi mpira wa chini, goti la mshambuliaji likanipiga kwenye panja la kushoto. Nililala kama nusu dakika, nikainuka. Kocha akaniuliza kutoka pembeni, "Unaweza kuendelea?" Nikanyoosha kidole gumba. Video ipo, nimeitazama mara moja tu, na kinachoniumiza ndani yake ni kile kidole gumba. Nilicheza dakika kumi na mbili nyingine. Niliokoa hata mpira mmoja wa kichwa, watu wakanishangilia. Kisha nikaenda kwenye mwamba wa goli, nikaushika kwa mikono miwili kama mlevi, nikatapika, nikaanguka.

Daktari bingwa aliyenipasua aliwaeleza wazazi wangu hivi, na mimi nawaeleza nyinyi kwa sababu kila kocha anapaswa kulijua. Mfupa wa panja ni mwembamba kuliko sehemu nyingi za fuvu, na ndani yake unapita mshipa wa damu. Mfupa ukivunjika unaweza kuuchana mshipa huo. Damu inavilia kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo. Fuvu la mtu mzima halitanuki, kwa hiyo damu ikizidi, kinachobanwa ni ubongo. Lakini mpaka ubanwe sana, mtu anaweza kusimama, kuzungumza, kudaka mpira, na kusema yuko sawa. Wengine hukaa hivyo dakika chache, wengine saa kadhaa. Nafuu ile ni ya uongo, na imeua watu waliolazwa nyumbani "wapumzike kidogo."

Sasa lifikirieni lile swali la kocha. Ubongo ulioumia ndio ulioulizwa kama umeumia. Nani alitegemea jibu la kweli? Kocha yule tumekaa, tumezungumza, na sina kinyongo naye. Ila swali lake nataka lizikwe. Wataalamu wa mtikisiko wa ubongo michezoni, waliokutana Amsterdam mwaka 2022, walishikilia msimamo ambao umekuwepo kwa miaka: mchezaji anayeshukiwa tu kupata mtikisiko anatolewa, na siku hiyo harudi uwanjani. Tangu Julai 2024 sheria za soka zenyewe zinaruhusu mashindano kuweka badiliko la ziada kwa ajili ya mchezaji kama huyo, kwa hiyo hata kisingizio cha kwamba timu itabaki pungufu kimepungua nguvu. Asiulizwe. Atolewe. Na aliyepigwa kichwani asiachwe peke yake usiku ule. Maumivu ya kichwa yakizidi, akitapika tena na tena, akisinzia kiasi cha kutoamshika, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Ukurasa wa kwanza wa daftari una namba moja: 6. Dada alimsikia daktari akimwambia mwenzake, "Ni sita," akaiandika. Hakujua maana yake. Alidhani ni sita ya kumi, akampigia mama simu, "Mama, usilie, amepata sita." Baadaye muuguzi akamfafanulia. Kipimo kile kilitungwa mjini Glasgow mwaka 1974, na mpaka leo madaktari wanakitumia duniani kote: wanaangalia kama mtu anafungua macho, kama anasema, kama viungo vinajibu akiguswa au akiambiwa. Aliye macho kabisa anapata 15. Hakuna anayepata sifuri; hata asiyejibu chochote anapata 3. Nane kushuka chini ni jeraha kali. Dada alitoka nje ya jengo akakaa kwenye ngazi. Hakumpigia mama tena. Alimwacha alale usiku ule na ile sita ya kumi, na mpaka leo mama anasema huo ndio usingizi pekee alioupata wiki ile.

Nilipasuliwa usiku huo huo, damu ikatolewa. Nikawekwa kwenye mashine ya kupumulia na dawa za usingizi mzito ili ubongo uliovimba upate nafasi ya kutulia. Siku kumi na moja. Baba, ambaye si mtu wa maneno, alikuwa akiingia, anashika kisigino changu kupitia shuka, anasimama hivyo mpaka muda wa kuona wagonjwa uishe. Kwa nini kisigino? Nilimuuliza. Akasema, kwingine kote kulikuwa na mipira na nyaya.

Watu wengi wanadhani mgonjwa wa namna hii anazinduka kama mtu aliyeamka usingizini: anafungua macho, anamwita mama yake, familia inalia kwa furaha. Haikuwa hivyo. Macho yalifunguka, lakini mtu hakuwepo nyuma yake. Kisha nikaanza kusema, nikawa nauliza kitu kimoja: "Tumefungwa ngapi?" Mdogo wangu wa kiume, alikuwa na miaka kumi na tano wakati ule, ndiye aliyekuwa akikaa nami mchana. Ananijibu, "Sare, moja moja." Natulia. Baada ya dakika tano: "Tumefungwa ngapi?" Siku moja aliamua kuhesabu, dada akaandika: mara arobaini na moja. Na dada ameongeza chini yake, kwa mwandiko mdogo: *anamjibu kila mara kama ndiyo mara ya kwanza.*

Ubongo wa mtu aliye katika hali ile hautunzi jambo jipya. Ukimkemea, "Si nimekwambia sasa hivi!" hajifunzi chochote, anabaki na hofu tu, hajui hata imetoka wapi. Mdogo wangu hakufundishwa hilo na mtu. Mimi sikumbuki hata jibu moja kati ya yale arobaini na moja, lakini naamini mwili wangu ulijua kwamba kuna mtu pale hana haraka na mimi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa.

Familia yangu ilinipenda, na kwa miezi miwili ya mwanzo nyumbani, upendo ule ulikaribia kunizuia nisipone. Naomba mnielewe vizuri. Jeraha lilikuwa upande wa kushoto wa kichwa, kwa hiyo mkono na mguu wa kulia vilikuwa dhaifu, na maneno yalikuwa yamepotea. Maana ilikuwepo, nilijua kabisa ninachotaka, ila jina lake halikuja. Mama akawa ndiye ulimi wangu. Nikisema "nata..." yeye anamalizia, "unataka maji." Nikinyoosha mkono kwenye shati, ameshanivalisha. Nikiinuka, wananishika wawili. Nilikuwa mtu mzima niliyelelewa upya kama mtoto mchanga, na kila mtu aliyeingia alimsifu mama kwa kunihudumia. Alistahili sifa. Hata hivyo, mkono wangu wa kulia ulikuwa unazidi kuwa mgeni mwilini mwangu.

Ubongo unajijenga upya kwa kutumika. Seli zilizokufa hazirudi, lakini zilizobaki zinaweza kufungua njia mpya kati yao, na njia hizo zinafunguka kwa mgonjwa mwenyewe kujaribu, kukosea, na kurudia, mara mia, mara elfu. Anayejaribu kwa niaba yako anafungua njia kichwani mwake mwenyewe.

Mtaalamu wa tiba ya usemi alituangalia kama saa nzima bila kusema neno. Kisha akamgeukia mama, akamwambia kwa adabu, "Mama, mwanao akitafuta neno, wewe hesabu kumi moyoni. Usimsaidie kabla ya kumi. Mwangalie usoni, usimwangalie mdomo." Mama alikasirika. Njia nzima ya kurudi nyumbani alisema yule binti hana mtoto, angekuwa na mtoto asingesema vile.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimekaa mezani. Ukutani baba alikuwa ametundika glavu zangu. Nikazionyesha kwa kidole, nikataka kuziita. Nikaanza, "Mi... mikono. Mikono ya... ya..." Nilimwona mama amefunga midomo, vidole vyake vinagonga paja kimoja kimoja chini ya meza. Jasho lilikuwa linanitoka. "Mikono ya mpira. Gla... Gla..." Kimya. Saa ya ukutani ilisikika. "Glavu." Mama aliinuka, akaenda jikoni, akafunga mlango. Alipotoka akaniambia alikuwa amefika saba. Ananiambia mpaka leo kwamba kusukuma mtoto aje duniani kulikuwa rahisi kuliko kunyamaza mpaka saba.

Tangu siku ile kumi ikawa sheria ya nyumba. Vifungo vya shati, kumi, kisha kumi nyingine. Ngazi za nje, baba anasimama ngazi moja chini yangu, mikono nyuma ya mgongo, tayari kunidaka lakini hanigusi. Kazi ya golikipa hasa. Yeye na mimi tulikuwa tunakaa pande mbili za meza jioni, anaviringisha mpira wa tenisi polepole upande wangu wa kulia, naukosa, unaanguka, anaufuata, anarudi. Daftari linasema mwezi wa nne tangu niumie niliuzuia mara tatu kati ya ishirini. Mwezi wa saba, kumi na nne.

Naomba wauguzi na madaktari waliomo humu wanisikie hapa. Tulipotoka hospitali tulipewa dawa, tarehe ya kurudi, na neno moja: "Mtunzeni." Hakuna aliyewaambia wazazi wangu kwamba kutunza kuna namna mbili. Hakuna aliyewaambia kwamba nitachoka kwa sababu ya mazungumzo ya nusu saa kuliko nilivyokuwa nikichoka kwa mazoezi ya saa mbili. Hakuna aliyewaambia habari ya hasira. Siku moja baba alikuwa anakoroga chai, kijiko kinagonga kikombe, na ile sauti ndogo ikaingia kichwani mwangu kama msumeno. Nilirusha sahani. Ilimpita sikioni. Mimi, ambaye sikuwahi kumpandishia baba sauti maisha yangu yote. Baba aliokota vipande, akasema, "Hiyo ni sehemu iliyoumia, siyo wewe." Maneno hayo alikuwa ameyasikia wiki iliyotangulia tu, kwenye kikao cha familia za wagonjwa kama sisi. Nafikiria ingekuwaje kama sahani ile ingeruka wiki mbili kabla.

Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo breki ya mtu. Ikitikiswa, breki zinalegea. Mgonjwa anasema asichopaswa kusema, analia bila sababu, anaanza jambo asilimalize, na mara nyingi hajioni kabisa. Mimi nilikuwa nawaambia watu nimepona. Nilikasirika kweli nilipoambiwa sijapona.

Kuna ukurasa wa daftari ambao dada aliukunja ukabandikwa na gundi. Niliufungua baada ya mwaka mmoja na nusu, kwa ruhusa yake. Ameniruhusu niusome leo pia. Unasema: *Leo nimelia bafuni maji yakiwa wazi ili asisikie. Kila mtu anasema tumshukuru Mungu amerudi. Simpendi huyu aliyerudi. Namkumbuka kaka yangu, naye amekaa chumba cha pili.*

Niliusoma mara nyingi. Sikuumia kama nilivyodhani. Nilijisikia kwamba kwa mara ya kwanza kuna mtu amesema kweli ndani ya nyumba ile, kwa sababu hata mimi nilikuwa namkumbuka yule mtu. Familia ya mgonjwa wa ubongo inafiwa bila msiba. Hakuna anayekuja kuwapa pole, kwa kuwa marehemu anapumua. Dada aliacha kazi miezi mitano. Mama alianza dawa za shinikizo la damu mwaka ule. Mdogo wangu alikuwa kwenye mwaka wa mtihani, na hakuna aliyemuuliza anasomaje. Wote watatu walikuwa wakijibu simu kwa neno hilo hilo: "Anaendelea vizuri." Mimi, ndiyo. Wao?

Kwa hiyo nyinyi jamaa na marafiki, nawasihi. Wiki ya kwanza mlijaa mpaka koridoni, Mungu awabariki. Mwezi wa sita tangu niumie hakuja mtu. Njooni mwezi wa sita. Njooni mmoja mmoja, kaeni dakika ishirini, zimeni redio. Msimpe mgonjwa mtihani: "Unanikumbuka? Mimi ni nani? Haya, nitaje jina!" Nilipewa mtihani huo na watu wengi sana, na kila nilipofeli niliuona uso wa aliyenitahini ukianguka. Taja jina lako mwenyewe, kaa. Kisha mwambie yule anayemtunza akalale saa mbili, wewe upo.

Mtaniuliza kuhusu kurudi uwanjani. Huulizwa kila mahali. Golikipa Petr Čech alipasuka fuvu Oktoba 2006 kwa goti la mpinzani, akarudi langoni Januari 2007 na kofia ya kukinga kichwa, akaivaa mpaka alipostaafu mwaka 2019. Baba alikuwa na picha yake. Aliponunua kofia kama ile hakumwambia mtu, aliificha kabatini. Lakini kuna pia Ryan Mason, kiungo wa Hull City, aliyegongana vichwa na mpinzani Januari 2017, akapasuka fuvu, akajitahidi mwaka mzima, na Februari 2018, akiwa na miaka 26, akatangaza kwamba kwa ushauri wa madaktari anaacha kucheza. Wote wawili ni wanaume jasiri. Mafuvu yao hayakuumia sawa, basi. Kofia yenyewe inasaidia kulinda mfupa; haiuzuii ubongo kutikisika ndani.

Mtu ambaye mimi namfikiria zaidi ni bondia, Michael Watson. Septemba 1991 alianguka baada ya pambano lake na Chris Eubank mjini London. Siku arobaini hakuwa na fahamu. Alipasuliwa ubongo mara sita. Mwaka 2003 alitembea marathoni ya London yote, kilomita 42, kwa siku sita. Aliyempasua, daktari Peter Hamlyn, alikuwa pembeni yake, na Eubank pia alikuwepo. Siku sita! Nilipoisoma habari hiyo nilimwita baba aje aione. Akaisoma akiwa amesimama. Hakusema kitu, ila jioni ile alitoa kofia kabatini, akaniwekea mezani, akaniuliza mimi ninataka nini.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu goti lile mtu kuniuliza swali kubwa. Nilitafuta jibu muda mrefu kuliko kumi. Alihesabu, najua, maana nilimwona akianza upya mara mbili. Nikamwambia nataka kusimama nyuma ya goli, siyo mbele yake.

Siku hizi nakaa na makipa wadogo mara mbili kwa wiki, kwa muda wa saa moja na robo, asubuhi kabla jua halijawa kali machoni mwangu. Naandika zoezi kwenye kadi kwa sababu nikikatizwa nasahau nilipofika. Vijana wamejua. Nikikwama kwenye neno wananyamaza, na juzi mmoja wao, mwenye miaka kumi na mbili, nilimwona vidole vinagonga paja kimoja kimoja. Sikuwa nimemfundisha. Nilipomaliza sentensi yangu nikamuuliza amefika ngapi, akasema...

Dada ameshika sikio.

Akasema nne. Asanteni, nakaa.